Udongo ukiugua, nasi twaugua

Na DAKTARI WETU

MZEE mmoja, mkulima wa nyanya na sukuma wiki kutoka upande wa Gatanga, alifika katika kliniki yangu mara tatu kwa muda wa miezi minne. Mara ya kwanza alilalamika kwamba alikuwa akiumwa na kichwa, akitapika na kutokwa na jasho jingi. Nilimpima malaria nikakosa kuiona, lakini kwa kuwa alikuwa ametoka Kisumu kwa mazishi wiki mbili zilizotangulia, nilimpa dawa za malaria. Mara ya pili tumbo lilikuwa likimkata na kuhara kukimsumbua. Nikamwandikia dawa za tumbo.

Mara zote mbili nilimwuliza swali ambalo kila daktari hufunzwa kuuliza: "Mzee, kuna dawa yoyote unayotumia?" Mara zote mbili alinijibu, "Hapana, daktari."

Mara ya tatu aliletwa na mkewe. Mate yalikuwa yakimtoka bila kukoma, macho yakitiririka machozi, na misuli ya uso ikichezacheza. Nilipommulika kwa tochi, mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nilimgeukia mkewe na kumwuliza swali lile lile. Mama yule alinitazama kwa mshangao, kisha akauliza: "Daktari, unauliza dawa yake ama dawa ya nyanya?"

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Mzee hakuwa amenidanganya. Nilikuwa nimemwuliza kuhusu dawa nayo ikawa kila mmoja wetu ana dawa yake akilini. Katika lugha yetu, kidonge cha kutuliza homa ni dawa, na kemikali ya kuua wadudu shambani nayo ni dawa. Neno moja limebeba uponyaji na sumu.

Mzee alikuwa akinyunyizia nyanya zake kila siku ya nne, wakati mwingine kila siku ya tatu mvua ikizidi. Alichanganya dawa hiyo kwa mkono mtupu, akaibeba katika pampu iliyokuwa ikivuja mgongoni, na kuvaa koti lile lile msimu mzima bila kulifua. Sumu ilikuwa ikiingia mwilini kupitia ngozi, polepole, huku nami nikimtibu malaria.

SUMU HII HUFANYAJE KAZI

Dawa nyingi za kuua wadudu zilizouzwa kwa wakulima wetu kwa miaka mingi ni za jamii iitwayo organofosfati. Mwilini mwa binadamu kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuuzima ujumbe wa neva pindi unapofika kwenye misuli au tezi. Sumu hizi hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe usipozimwa, tezi huendelea kumwaga mate, machozi na jasho, utumbo hujikunja, mboni za macho hubana, na misuli hutetemeka hadi ichoke. Misuli ya kupumua ikichoka, mgonjwa hufa.

Kwa bahati nzuri kuna tiba, nayo ni sindano ya atropini, mradi mgonjwa afikishwe hospitalini mapema. Mzee wetu alilazwa, akatibiwa, na baada ya siku chache akarudi kwake.

Kabla ya kuondoka alipita kwangu kunishukuru. Nami, kama ilivyo desturi yetu madaktari, nilimhubiria. Nilimwambia aache kupiga dawa ovyo, avae glavu, viatu vya mpira na kitambaa usoni. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema: "Daktari, shamba langu limechoka. Nisipopiga dawa sivuni kitu. Karo ya watoto nitalipa na nini?"

Sikuwa na jibu. Atropini ilikuwa imemwokoa na makali ya sumu, lakini ilikuwa ikimrudisha kwa shamba lile lile na pampu ile ile. Ugonjwa wake ulikuwa umeanzia mbali na kliniki yangu. Ulianzia kwenye udongo.

SHAMBA LILILOCHOKA

Mkulima akisema shamba limechoka, asemavyo ni kweli kabisa. Udongo wenye afya si vumbi tu la kushikilia mizizi. Kijiko kimoja cha udongo mzuri kina mabilioni ya viumbe visivyoonekana kwa macho: bakteria, kuvu na vijidudu vingine. Hivi ndivyo huozesha majani na samadi, hutoa chakula cha mimea, na hushindana na vijidudu vinavyoleta magonjwa ya mizizi.

Sisi madaktari tuna deni kubwa kwa viumbe hao. Dawa ya kwanza kabisa iliyofaulu kuua viini vya kifua kikuu, streptomaisini, ilipatikana mwaka wa 1943 kutokana na bakteria wa udongoni, katika maabara huko New Jersey, Marekani. Harufu ile tamu inayopanda mvua ya kwanza inapoinyesha ardhi kavu hutokana na jamii ya bakteria hao hao.

Viumbe hawa hula mabaki ya mimea na wanyama. Shamba likilimwa kila msimu, mabua yakichomwa au yakang'olewa yote, samadi isirudishwe na udongo ukaachwa uchi juani, viumbe hao hufa njaa. Udongo hushikana kama saruji. Mvua ikinyesha, maji hayaingii bali hutiririka yakibeba kile kidogo kilichobaki.

Mkulima hujaribu kufidia kwa mbolea ya dukani. Mbolea hiyo ina manufaa yake, lakini baadhi ya aina, kama vile DAP, zikitumiwa miaka nenda miaka rudi bila kupima udongo, huuongezea asidi. Udongo ukiwa na asidi nyingi, fosforasi hushikwa isiweze kufikia mizizi, na madini ya alumini huyeyuka na kuichoma mizizi michanga. Mkulima hutia mbolea zaidi na kuvuna kidogo zaidi.

Mmea dhaifu ndio unaoshambuliwa haraka na wadudu na magonjwa. Na mkulima anayepanda nyanya baada ya nyanya, au nyanya baada ya viazi, hulisha viini vya mnyauko vinavyokaa udongoni kwa kuwa mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Mambo yakifika hapo, kinachobaki mkononi mwake ni pampu.

KINACHOKOSEKANA KATIKA SAHANI

Pengine wewe msomaji wa mjini utasema hayo ni ya wakulima. La hasha. Chukua mfano wa madini ya zinki. Mtoto akiletwa kwangu akiharisha, humwongezea maji ya chumvi na sukari, na pia humpa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama inavyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Zinki husaidia utumbo kupona na kinga ya mwili kuimarika. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba zaidi ya watoto 8 katika kila 10 walio chini ya miaka mitano walikuwa na upungufu wa zinki.

Upungufu huo una sababu nyingi. Ugali mtupu una asidi inayozuia zinki kufyonzwa, nyama na maharagwe ni vya nadra katika nyumba nyingi, na maradhi ya kuhara humwaga kile kilichopo. Lakini mmea hauwezi kutoa madini ambayo haukuyapata. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka wa 2018 uligundua kwamba ngano iliyokuzwa katika udongo wenye mboji nyingi ilikuwa na zinki na protini zaidi kuliko ile ya mashamba yaliyochakaa.

Wala jambo hili si geni katika udaktari. Nchini Uchina, madaktari waligundua kwamba ugonjwa mmoja wa moyo uliokuwa ukiua watoto na akina mama mashambani ulihusiana na ukosefu wa madini ya seleni katika udongo wa maeneo hayo. Ufini, ambayo udongo wake ulikuwa na upungufu huo huo, ilianza kutia seleni katika mbolea za wakulima wake miaka ya themanini, na kiwango cha madini hayo katika damu ya wananchi kikapanda. Hata chumvi iliyo mezani pako imetiwa madini ya joto kwa sababu udongo wa sehemu nyingi za milimani hauna ya kutosha, na zamani watu wengi wa huko walikuwa wakivimba shingo.

Kuna pia sumukuvu. Mwaka wa 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Twaambiwa kila mara, na ni kweli, kwamba mahindi yakaushwe vizuri na kuwekwa ghalani pakavu. Lakini kuvu inayotoa sumukuvu huishi udongoni, na huushambulia zaidi muhindi ulioteswa na kiangazi ungali shambani. Udongo wenye mboji hunywa mvua na kuyatunza maji. Muhindi ulio katika udongo huo huchelewa kuona kiu.

SIKU YA MAFUNZO

Miezi kadhaa baada ya kumtibu, mzee yule alinipigia simu. Jirani yake alikuwa amemwingiza katika kikundi cha wakulima waliokuwa wakifunzwa utunzaji wa udongo, naye alitaka nifike nizungumze juu ya dawa za wadudu. Nilienda Jumamosi moja nikidhani nitafunza. Nilifunzwa mimi.

Mkufunzi, mama wa makamo aliyevaa viatu vya mpira, hakuwa na ubao wala chaki. Alikuwa na jembe, mitungi miwili ya kioo na ndoo ya maji. Aliwaagiza wakulima wachimbe donge moja la udongo chini ya ua, ambapo hapajalimwa kwa miaka mingi, na jingine katikati ya shamba la nyanya. Madonge yakatiwa katika mitungi ya maji. La uani lilibaki limeshikana na maji yakabaki maangavu. La shambani lilimeguka mbele ya macho yetu na maji yakawa kama uji.

Mkufunzi hakueleza kitu. Aliuliza tu: "Mvua ikinyesha, ni udongo upi utabaki hapa na ni upi utaenda mtoni?" Wakulima walinyamaza. Kisha wakaanza kuhesabu nyungunyungu katika kila shimo. Uani walipata wengi. Shambani hawakupata hata mmoja.

Baadaye walijenga lundo la mboji. Waliweka mabua makavu chini, wakafuatisha majani mabichi ya alizeti mwitu yanayoota kando ya barabara, samadi, jivu kidogo na udongo wa juu, wakanyunyizia maji, kisha wakarudia hivyo mpaka lundo likafika kifuani. Katikati walichomeka fito ndefu. Hicho ndicho kipimajoto chao. Siku chache baadaye fito ikichomolewa huwa ya moto na yenye unyevu, ishara kwamba vijidudu vinafanya kazi. Ikiwa baridi, kuna kilichokosewa. Lundo hupinduliwa kila baada ya wiki chache, na kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi huwa tayari.

Mambo yanayofunzwa si mengi wala si magumu. Udongo usiachwe uchi bali ufunikwe kwa matandazo au mimea inayotambaa. Usipinduliwe zaidi ya inavyohitajika. Mimea izungushwe na kuchanganywa: mahindi, kunde, maharagwe, mboga za kienyeji. Mabaki ya mavuno na samadi virudi shambani. Na kabla ya kushika pampu, mkulima atembee kati ya mimea mara mbili kwa wiki ahesabu wadudu waharibifu na wale rafiki, kama buibui, ndipo aamue kama kweli kuna haja ya kunyunyizia. Ni kama tunavyofunzwa sisi: pima kwanza, tibu baadaye. Mimi niliyempa mgonjwa dawa za malaria ambayo sikuiona kipimoni nilikuwa na la kujifunza hapo.

Mtindo huu wa kufundishana shambani, uitwao shamba darasa, ulianzishwa na wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huko Indonesia mwaka wa 1989, wakati wakulima wa mpunga walipokuwa wamezama katika matumizi ya kemikali. Ulifika Kenya katika miaka ya tisini. Lakini hata kabla ya hapo, kituo cha Manor House karibu na Kitale kilikuwa kikifunza kilimo cha namna hii tangu 1984, na taasisi ya mafunzo ya kilimo asilia, KIOF, ilianza kazi yake mwaka wa 1986.

Kule Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria, watafiti wa kituo cha icipe walibuni mbinu iitwayo Vuta Sukuma. Mkulima hupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na majani ya nepia kandokando. Harufu ya desmodiamu huwasukuma nje nondo wanaozaa viwavi vya kutoboa mashina, nayo nepia huwavuta. Mizizi ya desmodiamu hufanya mbegu za gugu liitwalo kayongo zichipuke na kufa kabla ya kuyanyonya mahindi, na papo hapo huutajirisha udongo kwa naitrojeni. Majani ya yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Kwangu mimi daktari, hayo ni mahindi bila sumu, na maziwa kwa mtoto, kutoka kwa shamba moja.

AMRI HAISHINDI MAFUNZO

Mbona nasisitiza mafunzo? Kwa sababu njia ya mkato imewahi kujaribiwa ikashindwa.

Aprili 2021, serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea na dawa zote za kemikali kutoka nje kwa ghafla, ikitaka nchi nzima iingie katika kilimo asilia. Wakulima hawakuwa wamefunzwa wala mboji haikuwa imetayarishwa. Mavuno ya mpunga yalianguka, bei ya vyakula ikapanda, na kufikia Novemba mwaka huo serikali ilikuwa ikilegeza amri yake.

Hapa kwetu tuna kumbukumbu zetu. Wakati wa ukoloni watu wa Murang'a walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mwaka wa 1947 walikataa kuendelea na kazi hiyo ya shuruti. Haikuwa kwamba waliuchukia udongo wao. Walichukia kiboko. Ukambani nako, eneo la Machakos lilikuwa limetajwa na wakoloni katika miaka ya thelathini kama ardhi iliyokwisha kuharibika. Lakini baada ya uhuru, wenyeji kupitia vikundi vyao vya mwethya, na kwa ushauri wa maafisa wa kilimo, walichimba wenyewe matuta ya fanya juu kwa maelfu. Kati ya 1932 na 1989 idadi ya watu Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, na badala ya ardhi kuzidi kufa, mmomonyoko ulipungua na mavuno yakaongezeka. Leo neno fanya juu limo katika vitabu vya wataalamu wa udongo ulimwenguni, likiandikwa vivyo hivyo kwa Kiswahili.

Sisemi pia kwamba mbolea ya dukani itupwe. Jaribio la muda mrefu lililoanzishwa Kabete mwaka wa 1976 limeonyesha kwamba mashamba yaliyopata samadi, mabaki ya mimea na mbolea kwa pamoja yalifanya vizuri kuliko yaliyopewa mbolea peke yake. Na jaribio jingine lililoanza Thika na Chuka mwaka wa 2007 limeonyesha kwamba mahindi ya kilimo asilia yanaweza kuyafikia yale ya kemikali, lakini baada ya miaka kadhaa na kwa mboji ya kutosha. Anayemwahidi mkulima muujiza wa msimu mmoja anamdanganya.

Mzee wa Gatanga atakuambia hivyo hivyo. Msimu wa kwanza mavuno yalipungua na karibu arudie mambo ya kale. "Ni kikundi kilichonishika," aliniambia. Msimu wa tatu ndipo alipoanza kucheka. Bado hunyunyizia dawa mvua ikizidi na ukungu ukiingia kwenye nyanya, lakini mara chache, akiwa amevaa glavu, na pampu haivuji. Tangu wakati huo hajarudi kwangu na mboni za sindano.

TAHADHARI YA DAKTARI

Nilipopewa nafasi ya kusema siku ile ya mafunzo, niliwakumbusha kwamba udongo hutunza uhai lakini pia hubeba maradhi. Pepopunda, safura na minyoo hutoka humo. Samadi mbichi ina viini vya kuharisha, na haifai kumwagwa juu ya mboga zinazoliwa bila kupikwa, kama dania na saladi. Lundo la mboji likipata joto la nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa, na kupinduliwa ili kila upande upate moto huo, viini vingi na mayai ya minyoo hufa. Kumwagilia mboga maji taka si kilimo asilia. Ni kuuza kipindupindu sokoni.

Mkulima avae viatu, awe amechanjwa pepopunda, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Wajawazito na watoto wasikae karibu na mahali panaponyunyiziwa dawa. Chupa za dawa zilizokwisha zisigeuzwe za maziwa au mafuta ya taa. Na daktari mwenzangu unayesoma haya, ukimwona mkulima mwenye kichwa, jasho na kutapika, usikomee kuuliza dawa anayomeza. Mwulize pia dawa anayonyunyizia.

WEWE WA MJINI UFANYE NINI

Kwanza, osha mboga na matunda kwa maji safi yanayotiririka. Kufanya hivyo hupunguza sumu iliyo juu ya ngozi pamoja na viini, ingawa hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya mmea. Hiyo huzuiwa shambani tu, kwa mkulima kungoja idadi ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Mkulima anayejua kusoma kibandiko hicho, na anayejua kwa nini kimewekwa, ni mlinzi wako.

Pili, badilisha sahani yako. Mteja akidai nyanya zisizo na doa mwaka mzima na sukuma wiki isiyo na tundu hata moja, humlazimisha mkulima kushika pampu. Managu, terere, saga na kunde hustahimili wadudu na zina madini mengi kuliko kabeji. Zikinunuliwa, zitapandwa.

Tatu, wengi wetu tunaoishi Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu tuna shamba nyumbani, nasi ni wakulima wa simu. Twatuma pesa za mbolea kwa M-Pesa, kisha twauliza magunia mangapi yamepatikana. Msimu ujao, kabla ya kutuma pesa hizo, tuma udongo upimwe. Maabara za KALRO huko Kabete hufanya kazi hiyo, na huenda ukaambiwa shamba lako lahitaji chokaa kuliko DAP. Mnunulie mfanyakazi wako glavu na viatu. Na mpe ruhusa, bila kumkata mshahara, aende mafunzoni na wenzake.

Nne, waulize viongozi wako maswali. Murang'a ilipitisha sheria ya kilimo kinacholinda mazingira mwaka wa 2022. Mei 2024 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi na kutia sahihi azimio juu ya mbolea na afya ya udongo, na mwaka huo huo Kenya ikazindua mpango wake wa kitaifa wa kilimo cha aina hii. Hayo ni mema. Lakini azimio halishiki jembe. Maafisa wa kilimo nyanjani ni wachache, na wakulima wengi hupata ushauri wao wote kutoka kwa mwenye duka la dawa, ambaye riziki yake ni kuuza dawa hizo. Kaunti yako imeajiri maafisa wangapi? Ni vikundi vingapi vimefunzwa mwaka huu?

Hospitali tutaendelea kujenga, na atropini tutaendelea kuagiza. Lakini mimi nimejionea kwamba siku moja ya mafunzo chini ya mti, kwa mitungi miwili ya maji, ilimfanyia mgonjwa wangu kile ambacho mahubiri yangu yote hayakuweza. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii huanza na kufa kwenye udongo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.